Mashujaa wa Darfur na Kongo: Siku ipo, majina yako wapi?

KILA ifikapo Julai 25, Tanzania husimama kwa dakika chache kuwakumbuka waliokufa wakiitetea. Amiri Jeshi Mkuu huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi huweka sime, kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua, meya huweka upinde na mshale, na wazee waliopigana vita vya zamani huwakilishwa na mwenzao mmoja. Tarumbeta hulia, mizinga hupigwa, viongozi wa dini huomba kwa zamu, kisha wageni huondoka.

Siku hiyo si ya mapumziko. Ofisi hufunguliwa kama kawaida na masoko huendelea na biashara. Huko Makumira, kando ya barabara kuu ya Arusha na Moshi, daladala za Tengeru na Usa River hupita zimejaa abiria kama siku nyingine yoyote, na si ajabu abiria hao wakafika mwisho wa safari bila yeyote kati yao kukumbuka kwamba leo ni Siku ya Mashujaa.

Ukimya huo una sababu zake, na sababu hizo zinastahili kuchambuliwa. Katika kipindi cha zaidi ya miaka kumi, Tanzania imepoteza askari katika Darfur, nchini Sudan, na katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo (DRC). Walikufa kwa risasi na makombora, vitani, wakiwa wamevaa bendera ya taifa begani. Hata hivyo, mwananchi wa kawaida akiulizwa awataje watatu tu kati yao, ni wachache watakaoweza. Hoja hapa si kama taifa linawaheshimu askari wake, kwa kuwa linawaheshimu. Hoja ni kama linawakumbuka, na mambo hayo mawili hayalingani.

Kumbukumbu iliyojengwa juu ya Kagera

Namna Watanzania wanavyowaenzi wapiganaji wao ilijengwa na aina fulani ya vita. Mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuiteka ardhi ya Tanzania hadi kwenye Mto Kagera. Novemba 2, Mwalimu Julius Nyerere alilitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga adui upo, sababu ipo na nia ipo. Maneno hayo matatu mtoto wa shule aliyezaliwa miaka 30 baadaye bado anaweza kuyasema kwa mpangilio wake. Aprili 1979, Kampala ikaanguka, na mwanzoni mwa Juni majeshi ya Tanzania yakafika mpaka wa Uganda na Sudan.

Vita hivyo vilimgusa kila mtu. Maelfu ya wanamgambo walichukuliwa vijijini kuongeza nguvu za jeshi, wakulima wakatoa ng'ombe na mazao, na magari ya watu binafsi yakaazimwa kubeba askari na vifaa. Ukanda wa Arusha na Kilimanjaro nao ulikuwa na nafasi yake. Machi 1979, vikundi vya Waganda waliokuwa uhamishoni vilikutana Moshi na kuunda chombo ambacho kingeongoza Uganda baada ya Amin. Jeshi lenyewe lililokwenda vitani lilikuwa limejengwa tangu 1964 chini ya mkuu wake wa kwanza, Mirisho Sarakikya, mtoto wa Meru, aliyeliongoza hadi 1974 alipompisha Abdallah Twalipo.

Kwa hiyo, kumbukumbu ya Kagera ilipata kila kitu ambacho kumbukumbu inahitaji ili isife. Ilikuwa na adui mwenye sura na jina, ardhi iliyovamiwa na kurudishwa, nyimbo za redioni, na mahali pa kwenda kuomboleza. Katika kambi ya Kaboya, wilayani Muleba, mamia ya askari waliokufa katika vita hivyo wamelazwa pamoja. Mtwara nako, katika eneo la Naliendele, wamelazwa askari wa Tanzania waliopoteza maisha kwa ajili ya Msumbiji. Anayetaka kujua gharama ya vita hivyo anaweza kufika hapo, akasimama mbele ya safu za makaburi na akahesabu mwenyewe.

Vita visivyoitwa vita

Baada ya hapo, mambo yalibadilika. Tangu askari wa Tanzania walipopelekwa Liberia mwaka 1994, nchi imeendelea kutuma vikosi nje, si kwa sababu mpaka wake umevukwa, bali kwa sababu imeombwa kulinda amani ya wengine. Orodha imekuwa ndefu: Darfur, Lebanon, DRC, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mwaka 2008 askari wake walishiriki katika operesheni ya Umoja wa Afrika ya kuirudisha Anjouan katika himaya ya serikali ya Comoro.

Lugha inayotumika kueleza kazi hiyo ni "ulinzi wa amani", na lugha hiyo huficha mengi. Julai 13, 2013, msafara wa kikosi cha pamoja cha Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika ulishambuliwa karibu na Manawashi, Darfur Kusini. Watanzania saba waliuawa na wenzao 17 wakajeruhiwa. Wakati huo kamanda wa kikosi chote cha Darfur alikuwa Mtanzania, Luteni Jenerali Paul Mella.

Mwezi uliofuata zamu ilikuwa ya Kongo. Kwa azimio namba 2098 la Machi 28, 2013, Baraza la Usalama lilikuwa limeunda brigedi maalumu ya kupambana na waasi mashariki mwa nchi hiyo. Tanzania, Afrika Kusini na Malawi zilitoa askari wake, na kamanda wa kwanza akawa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Haikuwa kazi ya kukaa kwenye vizuizi na kuandika taarifa. Brigedi hiyo ilipewa ruhusa ya kushambulia. Agosti 28, Meja Khatib Shaaban Mshindo aliuawa kwa kombora nje kidogo ya Goma, katika mapambano na waasi wa M23. Kufikia Novemba mwaka huo, M23 walikuwa wamesambaratishwa, na picha za wakazi wa Kivu wakiwashangilia askari zikazunguka Afrika nzima.

Desemba 7, 2017, ikaja siku mbaya kuliko zote. Kituo cha askari wa Tanzania kwenye Mto Semuliki, eneo la Beni, kilivamiwa usiku na watu walioaminika kuwa wa kundi la ADF, lenye asili ya Uganda. Taarifa za kwanza zilisema askari 14 wameuawa na zaidi ya 40 kujeruhiwa. Baadaye waliokufa wakahesabiwa kuwa 15. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alilieleza tukio hilo kuwa shambulio baya zaidi dhidi ya walinda amani wa umoja huo katika historia ya karibuni.

Hata hapo haikuishia. Desemba 2023, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) ilipeleka kikosi chake Kivu baada ya M23 kurejea kwa nguvu mpya, na Tanzania ikawemo. Aprili 2024, kombora liliua askari watatu wa Tanzania. Mwishoni mwa Januari 2025, Goma ilipokuwa ikianguka mikononi mwa waasi, wengine wawili walipoteza maisha. Machi 13, 2025, wakuu wa nchi za SADC wakafuta jukumu la kikosi hicho na kuamuru kiondoke kwa awamu. Mji ambao askari wa Tanzania walisaidia kuuokoa mwaka 2013 ulikuwa umetekwa na kundi lile lile.

Hapa ndipo ugumu wa kumbukumbu unapoanza. Kagera iliisha kwa ushindi ambao kila mtu aliuelewa. Vita vya Kivu havina mwisho unaoonekana, na waliokufa hawakufa siku moja wala mahali pamoja. Walikufa saba, kisha mmoja, kisha 15, kisha watatu, kisha wawili. Kila tukio lilikuwa habari ya wiki moja. Hakuna lililopata muda wa kugeuka historia.

Makaburi yaliyotawanyika

Kuna sababu nyingine ambayo ni ya kimila, nayo inaonekana vizuri zaidi katika vijiji vya Meru kuliko katika viwanja vya Dar es Salaam au Dodoma. Askari wa siku hizi anapofia nje ya nchi, mwili wake hurejeshwa nyumbani. Jeshi humwaga kwa heshima zote, jeneza likiwa limefunikwa bendera. Desemba 2017, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliongoza taifa jijini Dar es Salaam kuwaaga waliouawa Semuliki. Baada ya hapo, kila mwili ulichukua njia yake.

Katika miteremko ya Mlima Meru, kama ilivyo kwa Wachaga wa upande wa pili, marehemu huzikwa nyumbani, ndani ya shamba la ukoo, kati ya migomba na kahawa. Ni utaratibu wenye utu. Mama hulitazama kaburi la mwanawe anapokwenda kukata majani ya ng'ombe, na wajukuu hukua wakijua ni nani amelala pale. Hakuna familia inayopaswa kunyimwa haki hiyo ili taifa lipate makaburi ya kupigia picha.

Lakini utaratibu huo una matokeo yake. Waliokufa Kagera wanaonekana kama jeshi kwa sababu wamelazwa kama jeshi. Waliokufa Darfur na Kongo wametawanyika katika mashamba na makaburi ya mitaa, Bara na Visiwani, kila mmoja peke yake. Familia inamkumbuka mtu wake, jeshi lina kumbukumbu zake, ila jirani wa kijiji cha pili hana habari. Mwananchi anayetaka kutoa heshima hana pa kuanzia.

Anayeishi Makumira halazimiki kwenda mbali kuona kwamba kumbukumbu ya majina inawezekana. Kilomita chache kuelekea Arusha, huko Tengeru, karibu na Ziwa Duluti, yapo makaburi ya Wapoland. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakimbizi wa nchi hiyo wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamepelekwa kwa nguvu Urusi, waliletwa kuishi hapo. Wengine hawakuondoka tena. Zaidi ya miaka 80 baadaye, makaburi yao yana majina, yanafagiliwa, na wageni kutoka Poland hufika kuwasha mishumaa. Nchi iliyo mbali kiasi hicho imehakikisha kwamba watu wake waliofia chini ya Mlima Meru hawageuki kuwa idadi tu.

Mfano wa kinyume nao upo jirani. Katika Vita Kuu ya Kwanza, eneo hili lilikuwa uwanja wa mapigano. Longido ilipigwa Novemba 1914, na Machi 1916 Waingereza waliiteka Arusha kutoka kwa Wajerumani. Maofisa na askari wa Kizungu waliokufa katika kampeni hiyo wamelazwa Moshi na Taveta chini ya mawe yenye majina. Wapagazi wa Kiafrika waliobeba mizigo ya majeshi yote mawili, wakafa kwa njaa, kuhara na malaria, hawakupata jiwe. Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuenziwa kwa majina au hawakuenziwa kabisa.

Sanamu ya Askari iliyosimama katikati ya Dar es Salaam tangu 1927 ni ukumbusho wa wote hao kwa pamoja. Kila apitaye anaijua, na hakuna anayejua jina hata moja la wale inaowawakilisha. Mkoloni alikuwa na sababu zake za kutoandika majina ya Waafrika. Taifa huru halina.

Mji wa mikataba na wanaolipa gharama yake

Arusha ina deni la pekee katika suala hili. Ni mji unaojulikana duniani kwa amani iliyowekwa saini. Mkataba wa Rwanda ulisainiwa hapa Agosti 4, 1993, na ule wa Burundi Agosti 28, 2000, baada ya Nelson Mandela kuupokea usuluhishi kutoka kwa Mwalimu Nyerere aliyefariki dunia mwaka uliotangulia. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda ilifanya kazi hapa hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo hapa, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo hapa.

Upande wa magharibi wa mji huo huo kipo Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli, ambako maofisa wa jeshi huandaliwa. Kwa hiyo Arusha hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: hupokea wanaosaini amani, na hufundisha wanaotumwa kuilinda amani hiyo inapovunjika.

Uhusiano wa mambo hayo si wa maneno matupu. Mkataba wa Rwanda ulipovunjika Aprili 1994, mauaji ya kimbari yalifuata, na walioshindwa wakavuka mpaka kuingia Kivu wakiwa na silaha zao. Vita vya Kongo vilivyofuata vina mizizi mingi, ikiwamo ya ardhi, madini na uraia, lakini tukio hilo ni mmoja wa mizizi mikubwa. Miaka karibu 20 baada ya saini za Arusha, vijana wa Kitanzania walikuwa kwenye mahandaki nje ya Goma. Majina ya waliosaini mikataba yapo katika vitabu na kumbi. Majina ya waliokufa pale karatasi iliposhindwa hayapo kwenye ukuta wowote ambao mpita njia anaweza kuusoma.

Sifa peke yake haitoshi

Wapo watakaosema kwamba kumbukumbu ni suala la hisia, na kwamba nchi yenye upungufu wa madawati na dawa haina sababu ya kuhangaikia mawe. Hoja hiyo inasahau kwamba kumbukumbu ina kazi ya kiserikali. Taifa linalowajua waliokufa kwa majina huuliza pia walikufaje, na nani alipaswa kuzuia.

Semuliki ni mfano mzuri. Baada ya shambulio lile, Umoja wa Mataifa uliunda timu ya uchunguzi iliyoongozwa na Dmitry Titov. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2018 hayakuwa ya kufurahisha. Timu iliona mapungufu katika mafunzo ya askari. Iliona kwamba ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini humo haukuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu walioshambuliwa wala wa kuwaondoa. Iliona kasoro katika uongozi na mfumo wa amri, na upungufu wa vitu muhimu kama usafiri wa anga, wahandisi na taarifa za kiintelijensia.

Kwa lugha nyepesi, askari wale walikufa kwa risasi za adui, lakini pia kwa sababu msaada haukufika kwa wakati. Jambo hilo halipunguzi ushujaa wao hata chembe. Linauongeza, kwa kuwa walipigana wakijua wako peke yao. Linachofanya ni kuongeza wajibu wa waliowatuma. Kumwita marehemu shujaa ni rahisi, na wakati mwingine neno hilo hutumika kufunga mjadala ambao familia yake ilistahili kuusikia. Kabla ya kupeleka kikosi kingine, Bunge na wananchi walipaswa kujua ni yapi kati ya mapungufu hayo yamerekebishwa.

Majirani nao wana somo la kutoa. Kenya imetenga Oktoba 14, siku ambayo majeshi yake yaliingia Somalia mwaka 2011, kuwa siku ya jeshi lake. Lakini baada ya kambi yake ya El Adde kuvamiwa na Al-Shabaab Januari 15, 2016, serikali haikutangaza idadi ya waliouawa, na familia zikabaki kukisia. Siku ya maadhimisho bila ukweli imewaachia Wakenya kidonda kisichopona. Afrika Kusini ilipopoteza askari 14 nchini Kongo Januari 2025, majina yao yalitangazwa, na mjadala mkali ukaibuka juu ya vifaa walivyopewa na sababu za kuwapo kwao huko. Serikali yoyote haifurahii mjadala kama huo. Hata hivyo, ndio unaolazimisha askari wa kesho kupewa vifaa bora.

Umoja wa Mataifa wenyewe, pamoja na lawama zinazoustahili, una utaratibu wake. Mei 29 ya kila mwaka ni siku ya kimataifa ya walinda amani, iliyowekwa na Baraza Kuu mwaka 2002, na waliokufa kazini hutunukiwa medali yenye jina la Dag Hammarskjöld. Simulizi moja ya mwaka 2019 inapaswa kujulikana na kila Mtanzania. Novemba 2018, katika mapambano na ADF karibu na Beni, koplo mmoja wa Tanzania alijeruhiwa vibaya na akashindwa kutembea. Askari wa Malawi, Chancy Chitete, alimburuta hadi mahali salama chini ya mvua ya risasi na kumhudumia. Mtanzania akapona. Chitete akapigwa risasi na kufa. Umoja wa Mataifa ulimtunuku nishani yake ya juu ya ujasiri, na mjane wake akaipokea New York. Wamalawi saba na Mtanzania mmoja walikufa katika operesheni hiyo. Pengine siku moja kutakuwa na shule nchini Tanzania yenye jina la Chitete. Kwa sasa, ni Watanzania wachache wanaolijua.

Pingamizi zenye uzito

Ni haki kuzitazama hoja za upande wa pili, kwa kuwa si zote ni za kupuuzwa. Ya kwanza ni ya usiri wa jeshi. Idadi ya askari, silaha na mahali walipo ni mambo ambayo adui angependa kuyajua. Hoja hiyo ina nguvu operesheni inapoendelea. Haina nguvu miaka mingi baada ya maziko ambayo kijiji kizima kilihudhuria.

Ya pili ni ya faragha ya familia. Zipo familia ambazo hazitaki jina la mtoto wao liandikwe hadharani, na uamuzi huo lazima uheshimiwe. Dawa yake ni kuziomba ridhaa. Kuamua kwa niaba yao kwamba jina lisiandikwe popote ni kuwanyima nafasi hata wale ambao wangependa liandikwe.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi. Inasema kwamba nchi iliyojengwa juu ya utu na amani haipaswi kuyatukuza majeshi, na kwamba minara ya vita huzaa hamu ya vita. Tanzania ni kweli haina utamaduni wa kupenda gwaride kupita kiasi, na hiyo ni baraka. Lakini kuandika jina la aliyekufa hakumaanishi kuisifia vita. Wapoland wa Tengeru hawakulazwa pale kwa sababu vita ilikuwa nzuri. Jina kwenye jiwe linaweza kuwa onyo kali kuliko hotuba yoyote, hasa linapokuwa na umri wa miaka 20 na kitu pembeni yake.

Kisichohitaji fedha nyingi

Kinachokosekana si mnara mwingine mkubwa. Historia ya karibuni imeonyesha jinsi siku yenyewe inavyoweza kumezwa na mambo mengine. Julai 25, 2016, maadhimisho yalifanyika Dodoma, na Rais John Magufuli alitumia jukwaa hilo kutangaza kwamba serikali yake itahamia huko. Lilikuwa tangazo kubwa na limebadilisha nchi. Lakini ukimuuliza mtu leo nini kilitokea siku hiyo, atakuambia habari ya makao makuu, wala si ya mashujaa.

Hatua ya kwanza ni rahisi: majina ya waliokufa katika operesheni za nje, kwa ridhaa ya familia zao, yasomwe Julai 25, kila jina na mahali lilipoangukia. Askari wa Darfur na wa Kongo kwa pamoja hawafiki idadi ya kuchosha masikio ya wageni waalikwa. Ni kazi ya dakika chache.

Hatua ya pili ni kuishusha kumbukumbu hadi wilayani. Halmashauri zina shule, viwanja na barabara zinazosubiri majina. Kibao kimoja kwenye ukuta wa shule aliyosoma marehemu kingemfundisha mwanafunzi wa darasa la tano jambo ambalo sherehe ya taifa haiwezi kumfundisha, yaani kwamba aliyekufa Semuliki alikaa kwenye dawati kama lake na kutokea kijiji kama chake.

Hatua ya tatu inavihusu vyuo. Makumira imekuwa mahali pa elimu tangu 1954, kilipoanzishwa chuo cha thiolojia cha Kilutheri ambacho leo ni chuo kikuu kinachofundisha pia sheria na ualimu. Wanafunzi wa vyuo vya namna hiyo, Arusha na kwingineko, wanaweza kurekodi simulizi za wazee wa Kagera ambao wanazidi kupungua. Jenerali David Musuguri, aliyeongoza mapigano ya kuelekea Kampala, alifariki dunia Oktoba 2024 akiwa na umri wa zaidi ya miaka 100. Simulizi za waliorudi Darfur na Kongo nazo zichukuliwe sasa, wakiwa vijana na wakikumbuka vizuri. Wapo waliorudi na majeraha, na wapo waliorudi wazima wa mwili lakini hawalali usiku. Hao ni askari walio hai, na kuwakumbuka hakupaswi kusubiri jeneza.

Askari aliyelazwa kati ya migomba ya ukoo wake amekwisha kutimiza sehemu yake ya makubaliano kati ya raia na dola. Alipewa amri akaenda. Dola ilitimiza sehemu yake kwa siku moja, kwa bendera, mizinga na hotuba. Iliyobaki ni sehemu ya miaka inayofuata, ambayo haihitaji mizinga. Inahitaji orodha, kalamu na mtu wa kuisoma kwa sauti.